Kabati la Mjerumani

Jumamosi, 1 Juni
Kitinda mimba wetu ameolewa, na leo gari limekuja kuchukua kitanda chake kukipeleka Dodoma. Chumba cha uani kimebaki kitupu. Nimemweleza Mzee kwamba nimefundisha Sayansi Kimu mpaka nimestaafu, miaka yote hiyo nikishonea kwenye meza ya chakula na kuhamisha cherehani kila ugali ukiiva. Sasa nataka chumba cha kushonea, kufumia na kudarizia, chenye samani za kizamani kama zilizokuwa kwa mama, Tukuyu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mahindi ya Mbozi yanaingia wiki ijayo.

Jumatatu, 3 Juni
Tumepima chumba. Mimi nashika futikamba, Mzee anaandika. Upande mmoja wa futikamba ni inchi, wa pili ni sentimita, na Mzee ameandika namba tupu bila kusema ni za upande upi. Kwa hesabu zake chumba ni kipana kuliko nyumba. Amekagua tena, akasema hesabu ziko sawa.

Alhamisi, 6 Juni
Kabati limefika kutoka Kyela juu ya lori la mchele. Lilikuwa limelazwa chali, na ndani wamejaza ndizi za Tukuyu ili nafasi isipotee bure. Ni la mninga, milango miwili ya vioo juu na droo tatu chini, la namna ile ambayo zamani kila nyumba ya mwalimu au mchungaji ilikuwa nalo kwa ajili ya vikombe visivyoruhusiwa kutumika. Dalali aliniambia kwenye simu kuwa ni la Mjerumani. Huku kwetu kitu chochote cha mbao kilichomzidi umri anayekiuza ni cha Mjerumani, kwa hiyo singebishana, isipokuwa Mjerumani huyo alikuwa ameongezwa kwenye bei.

Mlangoni limekataa. Vijana wa kupakua wamelijaribu kwa ubavu, kwa kichwa na kwa miguu. Mzee ameleta karatasi yake ya vipimo, akawaonyesha kuwa linapita, na kwamba hata mawili yanapita kwa pamoja. Mwishowe limeingilia dirishani, baada ya grili kung'olewa. Mzee amekaa kwenye kibaraza anapiga hesabu nyingine, ya fundi wa kuchomelea.

Kwenye droo ya chini wamesahau chane mbili za ndizi. Tumekula.

Ijumaa, 7 Juni
Nimelifungua kabati nilifute, nikaona bawaba zimefungwa kwa skrubu za nyota. Wajerumani walifukuzwa nyanda hizi mwaka 1916. Skrubu ya nyota ilipata hataza Marekani mwaka 1936, chini ya jina la Henry Phillips. Nimempigia dalali, nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, labda Mjerumani alirudi."

Kinachoudhi ni kwamba ana hoja. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliwaruhusu Wajerumani kurudi Tanganyika. Wakalima kahawa Mbozi, wakapanda chai Mufindi, mpaka vita vya 1939 vikawakuta ni maadui tena. Kwa hiyo kabati langu limebakiwa na nafasi ya miaka mitatu hivi ya kuwa la Mjerumani. Nimemwambia dalali hayo. Amesema amefurahi kuona tumeelewana.

Jumapili, 9 Juni
Usiku kabati limelia. Mlio mmoja mkavu, halafu kimya, halafu mwingine. Mzee ameamka na panga. Amezunguka nyumba nzima na tochi, akarudi akasema hakuna mtu, ila kabati limepasuka ubavu.

Jumanne, 11 Juni
Fundi amekuja kutoka karakana yake ya Mafiati. Nilimfundisha darasa la tano, kwa hiyo hawezi kuingia bila shikamoo wala kuondoka bila ruhusa, na mimi siwezi kumpunguzisha bei bila aibu. Ametia kidole kwenye ufa, akatikisa kichwa. Anasema kabati halijaharibika, limehama tu. Kyela iko chini kando ya ziwa, joto na unyevu mwaka mzima, na mbao zake zimezoea kunywa hewa hiyo. Mbeya iko juu, na upepo wa Juni huku ni mkavu. Ubao ukifika huku unaachia maji, unasinyaa, na unasinyaa kwa upana wake, si kwa urefu. Kama aliyelitengeneza aliupigilia misumari pande zote bila kuupa nafasi, hauna njia ila kupasuka.

Nimemuuliza litanyamaza lini. Anasema likishazoea.

Mlango wa kabati ambao Alhamisi haukufunguka, sasa haufungiki.

Alhamisi, 13 Juni
Binti wa dada yangu aliyeko Dar es Salaam amenitumia picha za vyumba vya kushonea vya Ulaya. Meza zote nyeupe, na kwenye pembe rangi imechubuka ukaonekana ubao. Anasema hiyo ndiyo mitindo: meza ni mpya kabisa, ila imetengenezwa ionekane imetumika na vizazi vitatu. Nimempelekea Fundi picha hizo na kumwagiza meza ya kukatia vitambaa ya mtindo huo, ya mbao za paina za Mafinga, maana mninga wa pili hatuuwezi.

Fundi ameitazama simu kwa muda mrefu. Ameikuza picha kwa vidole.

"Mwalimu, hii imechubuka."

"Ndiyo ilivyotakiwa."

"Nipake rangi, halafu niitoe?"

"Pembeni tu."

"Na wewe ndiye utakayelipia rangi yote?"

Nimesema ndiyo. Ameandika kwenye daftari lake, na kutoka nilipokaa nimesoma alichoandika: Mwalimu, meza, aulizwe tena.

Jumatatu, 17 Juni
Magunia ya mahindi yameingia. Mzee ameyapanga kwenye chumba changu kando ya ukuta, na anasema ni kwa muda, mpaka bei ipande. Ni magunia ya lumbesa, yale yanayoshonewa kilemba juu ya mdomo, hivyo hayapangiki vizuri, na la juu kabisa limeegemea kioo cha kabati. Nimemwonyesha. Amesogeza kabati.

Jumatano, 19 Juni
Fundi ameleta meza. Nyeupe, pembe zimenyooka, hakuna mchubuko hata mmoja. Nimemuuliza kuhusu pembe. Anasema alizichubua kama tulivyokubaliana, mteja mwingine akapita pale karakana, akasema Fundi kazi yako imeshuka. Akaona haya, akazipaka upya, bure.

Nimemrudishia.

Alhamisi, 20 Juni
Nimepata sanduku la mbao kwa mzee mmoja karibu na stesheni ya TAZARA, Iyunga. Ni kubwa, mbao nene, na ubavuni kuna maandishi ya Kichina yaliyofifia. Anasema lilikuja na vifaa wakati Wachina wanajenga reli, ile ya 1970 hadi 1975, na baba yake alipewa walipomaliza kipande hicho. Huyu hakutaja Mjerumani, nikamwamini, nikanunua. Kijana wa fundi ameligeuza, akaliwekea miguu minne na godoro dogo juu, likawa benchi la kukalia wakati wa kufuma. Ndani zinakaa nyuzi.

Ijumaa, 21 Juni
Kijana wa jirani, anayesoma Kichina chuoni, alikuja kuazima pampu ya baiskeli. Ameyasoma maandishi ya sanduku. Yanasema: Upande huu juu. Ilibidi ainamishe kichwa chini ili apate kuyasoma.

Jumapili, 23 Juni
Baada ya ibada nimepanga vitambaa vyangu vya makochi. Binti wa dada amesema kwenye chumba cha mtindo ule havitakiwi. Nimemwambia mama yangu alifuma hivi kwa mkono, na kochi lisilo na kitambaa ni la hospitali. Vimekaa kwenye benchi, juu ya kabati, juu ya cherehani na, kwa kuwa vilibaki, juu ya magunia ya mahindi. Mzee amesema sasa mahindi yamependeza, hayana haja ya kuhama.

Jumanne, 25 Juni
Nimesafiri kwenda Iringa kwa dada, na cherehani. Ni Singer ya mama, na fundi wa kuzijua hizi za zamani yuko Iringa. Stendi ya Nane Nane konda ameuliza mzigo ni nini. Nimesema cherehani, haiwezi kukaa kwenye buti, itagongwa. Amesema basi ikae kwenye siti na ilipe nauli kama mtu. Tumebishana mpaka dereva akapiga honi. Tiketi imeandikwa: Abiria, Singer. Sehemu ya jinsia ameiacha wazi.

Chimala, Igawa, Makambako. Makambako pana upepo, na abiria aliyepanda hapo alitaka kumkalisha mtoto juu ya cherehani. Nilimwonyesha tiketi. Kabla ya Mafinga dirishani ni misitu ya paina ya Sao Hill, maili kwa maili, imesimama kwa safu, yote mipya, imenyooka. Nilifikiria meza yangu.

Ipogolo dada alikuwa ananisubiri. "Kamwene," akanisalimia, kwa sababu amekaa Iringa muda mrefu na ameshakuwa Mhehe kutuzidi sisi wote. Kisha akaipokea cherehani kabla ya kunipokea mimi.

Jumatano, 26 Juni
Fundi cherehani wa Miyomboni ameivua kava, akanyamaza. Amenionyesha namba iliyochongwa kwenye kitako: inaanza na herufi EH. Anasema E ni alama ya kiwanda cha Singer cha Clydebank, Scotland, na EH ni za mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aina yake ni 15K, na hiyo K ni ya Kilbowie, mtaa kiwanda kilipokuwa. Kiwanda kilifungwa 1980. Cherehani hazijapata habari. Katika mambo yote ya kizamani niliyoyanunua au kuyarithi, hiki ndicho kitu pekee chenye karatasi zake mwilini.

Kisha ameuliza nani aliitia mafuta ya kula. Mafuta ya mashine hubaki mepesi. Ya kula yakikaa yanaganda, yanakuwa ulimbo, na gurudumu linakataa. Nimempigia Mzee. Amesema hajui lolote. Halafu ameuliza, kwani alizeti ina ubaya gani?

Wakati fundi anaiosha kwa mafuta ya taa, dada amenipeleka Neema Crafts. Kazi hiyo ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kwa ajili ya vijana wenye ulemavu, na walioanza nayo walikuwa viziwi. Wanafuma vitambaa kwa mitambo ya mbao, wanachapa, wanatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Nimesimama kwenye mtambo mmoja mpaka mfumaji akanipa nafasi nikae. Nyuzi zimepangwa ukutani kwa rangi, kila fungu na mahali pake, na hakuna gunia. Kuna mtu anaweza kusema nilikuwa na wivu.

Kwenye mgahawa wao wahudumu wengi ni viziwi, na chakula unaagiza kwa kuandika. Dada aliandika chai mbili, kisha akasema chai mbili, kisha akasema kwa sauti zaidi chai mbili. Mhudumu alimwonyesha karatasi, aliyoandika mwenyewe dada. Zililetwa chai mbili.

Tumenunua daftari moja la karatasi ya tembo kwa ajili ya michoro yangu ya mishono. Dada ameinusa dukani, mbele ya watu. Haina harufu.

Alhamisi, 27 Juni
Sokoni nimenunua vikapu vya milulu, vile vya Kihehe, vya kuwekea vipande vya vitenge. Milulu inakatwa kwenye majaruba na mabwawa, inaanikwa, na akina mama wanaisuka kwa kuibana mpaka kikapu kinasimama chenyewe bila kitu ndani. Muuzaji amenitaka niviweke kivulini na nisivikunje. Dada amevikunja ili viingie kwenye begi.

Nilitaka pia tupite Boma, jengo la Wajerumani ambalo tangu 2016 ni makumbusho, nione kabati la Mjerumani wa kweli linavyofanana. Dada amesema kama nimefika Iringa kutafuta makabati, kwake yapo, na hayana kiingilio.

Kwenye basi la kurudi cherehani imelipishwa tena. Konda huyu ameiandika Singer Mwakyusa, ili fomu ijae.

Jumapili, 30 Juni
Kuku ametaga kwenye kikapu cha Iringa. Nimemtoa. Amerudi. Nimekipandisha kikapu juu ya kabati, naye akapanda kupitia magunia, ambayo yamepangwa ngazi ngazi kana kwamba kwa kusudi hilo.

Jumatatu, 1 Julai
Meza imerudi, na mara hii ni ya kizamani kweli. Fundi hakupaka wala kuchubua. Aliitoa nje ya karakana, akaiacha barazani wanapokaa vijana wa Mafiati kupoteza jioni, na wao wakamaliza kazi. Pembe zimechubuka zote. Kuna duara la kikombe, alama ya pasi, mafuta ya pikipiki upande mmoja, na katikati mtu amechora bao la drafti kwa msumari wa moto, miraba yote, kwa ustadi. Fundi alikuwa na wasiwasi. Nimemwambia picha za Ulaya hazifikii hapa.

Nimekatia juu yake sare ya mjukuu. Miraba ya drafti inasaidia kunyoosha kitambaa kuliko futikamba ya kwetu.

Jumanne, 2 Julai
Vijana wawili wa Mafiati wamebisha hodi jioni. "Shikamoo mama, tumeambiwa meza yetu iko hapa." Walikuwa na mchezo haujaisha. Mzee amewakaribisha. Wamecheza mpaka taa zikazimika mtaa mzima, wakamaliza kwa mwanga wa simu. Mzee amefungwa.

Ijumaa, 5 Julai
Siku ya kupanga. Nimeosha makopo ya Blue Band na chupa za asali, nikabandika karatasi: VIFUNGO VYA SHATI, VIFUNGO VYA KOTI, ZIPU, LASI, BOBINI, SINDANO ZA KROSHIA. Mabaki ya vitambaa nimeyagawa mafungu matatu: makubwa, madogo, na yasiyo na kazi. Fungu la tatu ndilo lililojaa, na ndilo nisiloweza kutupa. Kila kipande kina historia. Kuna kimoja cha khanga ya sherehe ya mtu ambaye sasa hatusemeshani.

Droo ya tatu ilikuwa inakwama. Mjukuu, aliyeko hapa likizo, ameitoa yote nje, na chini yake tumekuta maandishi ya penseli ya seremala: "Mama Mchungaji. Amelipa 60. Bado 45/=. Desemba 1974."

Nimempigia dalali.

"Mwalimu," akasema, "mchungaji huyo alikuwa Mjerumani."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. Wamisionari wa Kijerumani walikuwapo kweli: Wamoravia walifika Rungwe mwaka 1891, na makanisa ya kule hayajawahi kukosa wageni. Dalali huyu anajua historia kwa kiwango cha kutisha.

Fundi naye alipoonyeshwa, hakuuliza Mjerumani wala mchungaji. Ameuliza kama zile 45 zililipwa.

Jumapili, 7 Julai
Saba Saba. Nimefungua kopo la VIFUNGO VYA KOTI nikakuta mbegu za maboga. ZIPU ina plagi ya pikipiki na risiti za mbolea. Mzee anasema makopo yalikuwa yamebandikwa vizuri sana, akaona hayatapotea. Kwa haki, ameongeza karatasi zake, kwa mwandiko wake, chini ya zangu: VIFUNGO VYA KOTI (na mbegu). LASI (na misumari ya bati). Chupa ya BOBINI haina alama ya nyongeza, ila kuna meno yake ya zamani ndani.

Jumanne, 9 Julai
Mjukuu amepanga nyuzi upya, kwa timu za mpira. Za kijani na njano pamoja, nyekundu na nyeupe pamoja, bluu na nyeupe kando. Zilizobaki, ambazo ni nyingi, anasema zimeshuka daraja, ziko chini ya benchi.

Ijumaa, 12 Julai
Chumba kimekamilika, ukiacha magunia. Kabati limenyamaza. Nimekaa kwenye benchi la Mchina, nikavaa miwani, nikaanza kudarizi, na vidole vikakataa kukunja. Dirisha linatazama kusini. Mbeya iko nyuzi kama tisa kusini mwa ikweta, na mwezi huu jua linapita upande wa kaskazini siku nzima. Chumba hiki halitakigusa kwa miezi kadhaa. Miaka yote kitinda mimba alipokuwa analalamika baridi tulimwambia ni uvivu wa kuamka.

Nimehamia jikoni, karibu na jiko la mkaa. Meza ya kukatia ni nzito kuhamisha, nimekatia kwenye meza ya chakula. Ugali ulipoiva, nikahamisha cherehani.

Jumatatu, 15 Julai
Nimeona bango jipya kwa Fundi, Mafiati, kwa rangi nyeupe iliyobaki kwenye kazi yangu: FANICHA KUUKUU MPYA. OMBA PICHA. Chini yake vijana wanaipa umri meza ya pili. Mmoja ameleta pasi kutoka nyumbani.

Alhamisi, 18 Julai
Bei ya mahindi haijapanda. Kuku bado analalia mayai. Amekaa kwenye MABAKI MADOGO.

Jumamosi, 20 Julai
Fundi amemleta mteja, mama mmoja wa ofisini, mwenye gari, aone sampuli. Amevua viatu mlangoni mwenyewe, jambo ambalo wajukuu wangu hawajawahi kulifanya. Amegusa pembe za meza, amepiga picha benchi na maandishi yake, ameuliza kama kile kilemba cha kitambaa juu ya gunia ndiyo mtindo pia. Fundi amesema ndiyo. Mbele ya kabati amesimama muda, akauliza ni la lini.

Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu skrubu, hataza, chai ya Mufindi na deni la Mama Mchungaji. Mzee aliniwahi. "La Mjerumani," akasema. Mteja akaitikia kwa heshima, na Fundi akaandika bei mpya kwenye daftari lake.

Walipoondoka Mzee ameniuliza kama chumba kile sasa kina kazi, maana kwa shemeji huko Mbozi kuna magunia mengine hayajapata pa kulala. Nimesema kina kazi. Ameuliza kazi gani. Nimesema ya kuonyeshwa wateja wa Fundi. Ametafakari, akaingia ndani, akatoka na karatasi na gundi. Mlangoni sasa pamebandikwa: CHUMBA CHA USHONI (na makumbusho). KIINGILIO: MUONE MZEE.